Keki ya Bi Kiapo

Mama mkwe wa Fundi Miwani alifanya kazi mahakamani tangu akiwa msichana mpaka alipostaafu. Hakuwa hakimu wala wakili. Yeye ndiye aliyesimama kando ya kizimba, akamwita shahidi, akamkabidhi kitabu na kumwambia arudie maneno yake: nitasema kweli, kweli tupu. Mtaani walimwita Bi Kiapo, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Hata nyumbani, ukimwambia mvua imenyesha upande wa pili wa mji, alikukazia macho na kuuliza, "Umeiona mwenyewe au umeambiwa?"

Aliishi na mwanawe wa pekee na mkewe, katika nyumba ya chini ya jengo la ghorofa. Jiko lao lilikuwa jembamba. Watu wawili wakikutana humo, mmoja lazima arudi kinyumenyume. Mwanawe alikuwa mwalimu wa udereva. Kazi ilikuwa imemwingia mwilini kiasi kwamba hata mezani, mkewe akimimina chai kwa kasi, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu kutafuta breki. Mkewe, ndiye huyo Fundi Miwani, alikuwa fundi wa kusaga vioo vya miwani katika duka moja la mjini, mwanamke wa sauti ndogo, aliyezoea vipimo vidogo kuliko ukucha. Jambo moja tu lilimshinda, nalo ni ugomvi. Watu wakianza kupandishiana sauti, yeye alihamia chumba kingine kama mtu anayekwepa moshi.

Kisa chenyewe kilianzia mguuni. Mguu wa kushoto wa Bi Kiapo ulivimba, ukawa wa moto na kumuuma hata akiguswa na shuka. Hospitali wakasema damu imeganda kwenye mshipa. Alilazwa, akapata nafuu, akaruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge vya kuzuia damu isigande. Dawa ile ina masharti: ikipungua, damu inaganda tena, ikizidi, damu inakuwa nyepesi na kuvuja ovyo. Kwa hiyo alitakiwa kwenda kliniki mara kwa mara, apimwe, na dawa iongezwe au ipunguzwe kufuatana na majibu.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alimwambia pia apunguze uzito.

"Mafuta punguza, mama. Vyakula vya kukaanga, vitumbua, keki..."

"Keki usiitaje," alisema Bi Kiapo.

Daktari akamtazama mwana. Mwana akatazama dari.

Saa kumi jioni Bi Kiapo alikunywa chai na kipande cha keki. Hiyo haikuwa na mjadala. Na keki yenyewe ilikuwa ya boksi: unga uliokwisha changanywa kiwandani, ambao unaongeza mayai, maji na mafuta, unakoroga, unatia kwenye oveni. Watu walimcheka, mwanamke wa umri wake kushindwa kupima unga na sukari mwenyewe. Yeye alisema haamini keki nyingine. "Boksi limeandikwa ubavuni kila kilichomo ndani. Hiyo ni keki yenye ushahidi."

Tangu mguu uugue hakuweza kusimama jikoni kwa muda mrefu, hivyo kazi ya kuoka ikamwangukia mkwewe.

Fundi Miwani hakuipenda. Kila akimimina kikombe kile cha mafuta kwenye bakuli, aliona kama anayamimina moja kwa moja kwenye ule mshipa wa mama mkwe. Akijaribu kusema, aliambiwa, "Mwanangu, mimi si mtoto." Akijaribu kukata vipande vyembamba, Bi Kiapo alikula viwili.

Msaada ulimjia kazini. Mteja mmoja, mpishi wa shule ya chekechea, alikuja kurekebishiwa miwani iliyolegea masikio, na wakati akisubiri akaanza kusimulia namna anavyowalisha watoto mboga bila wao kujua. Unachemsha boga, alisema, unalisaga kwenye blenda mpaka liwe rojo laini, halafu kwenye keki ya boksi unaacha mafuta kabisa na kutia rojo mahali pake, kipimo kilekile. Keki inatoka laini, haina mafuta, na mtoto hajui kitu.

"Haina ladha ya boga?"

"Ukitia vanila na mdalasini, hata wewe ukila utaapa ni siagi."

Jumamosi iliyofuata Fundi Miwani alijaribu. Alikata boga, akalipika kwa mvuke, akalisaga, kisha akalitundika kwenye kitambaa safi juu ya sinki, kwa sababu aliona lina maji mengi. Lilichuruzika asubuhi nzima. Mumewe alipoingia kutafuta kikombe akaliona likining'inia.

"Hiki nini?"

"Mafuta ya keki ya mama."

Mume alicheka mpaka akashika mlango. Hakuuliza zaidi, na hakusema lolote mezani.

Bi Kiapo aliuma kipande chake, akatafuna polepole. "Mayai ya leo yana viini vya njano kweli," alisema.

"Ndiyo, Mama," alijibu mkwewe.

Huo ndio uongo wenyewe, na ulikuwa mfupi hivyo. Ungeweza kusahaulika kama angeishia hapo. Lakini Fundi Miwani alikuwa fundi, na fundi akifaulu jambo moja hutaka kujua mwisho wake uko wapi. Boga likafuatwa na karoti. Karoti ikafuatwa na mumunye, aliloliambua ganda vizuri ili vipande vya kijani visimfichue. Kwenye keki ya chokoleti akaingiza bitiruti, na wekundu wake ukamezwa na weusi wa kakao bila kuacha alama. Kila mara Bi Kiapo alikula, akafuta makombo kwenye kanga yake, akasema iko sawa.

Ni lazima nieleze hapa kwamba Bi Kiapo hakuwa akila mboga za majani hata kidogo. Katika shule ya bweni aliyosoma walilishwa majani yaliyochemshwa mpaka yakapoteza rangi, mchana na jioni, na siku ya kumaliza masomo alijiapia mwenyewe kwamba hatayatia tena kinywani. Kiapo hicho alikitunza. Mbele ya sahani ya mboga alikuwa akisema, "Msogezeeni mbuzi."

Kwa hiyo siku Fundi Miwani alipotia spinachi, alijua anachofanya. Aliyatumbukiza majani kwenye maji yanayochemka kwa muda mfupi, akayakamua, akayasaga na mayai. Bakuli lilionekana kama kidimbwi cha vyura. Alimwaga unga wa chokoleti juu yake, akakoroga, na kijani kikazama taratibu mpaka kikaisha. Alionja kwa ncha ya kijiko. Chokoleti tupu.

Jioni Bi Kiapo alikula kipande kimoja, akasogeza sahani kuomba kingine.

"Hii ndiyo keki," alisema. "Zile za nyuma ulikuwa unajifunza."

Basi ikawa ndiyo hiyo, wiki hadi wiki. Majani yakaongezeka kadiri mkono ulivyozoea. Gauni la Bi Kiapo likaanza kulegea kiunoni, na akaweza kutembea mpaka kona ya mtaa bila kusimama kupumzika. Fundi Miwani aliyaona hayo akiwa dirishani, na moyoni alijipongeza. Hakuwa na mtu mwingine wa kumpongeza, maana hata mumewe hakujua kwamba boga limeshazaa ukoo mzima.

*

Kliniki nako mambo yalianza kwenda kombo. Nesi aliyepima damu, mwanamke mrefu mwenye haraka zake, alisoma majibu na kukunja uso.

"Mama, damu yako inaganda upesi kuliko tunavyotaka. Vidonge unameza?"

"Nameza."

"Kila siku?"

"Kila siku, saa ileile."

Akaongeza dawa. Safari iliyofuata majibu yakawa yaleyale, akaongeza tena.

"Chakula hujabadilisha? Hujaanza kula mboga za majani?"

"Mimi? Mboga? Nenda kaulize mtaa mzima."

Safari ya tatu nesi aliongeza tena, kisha akaweka kalamu chini. Benchi la wagonjwa lilikuwa hatua chache tu kutoka meza yake, na sauti yake haikuwa ndogo.

"Tusaidiane, mama. Wapo wagonjwa wanaosema wanameza dawa kumbe wanatupa chooni. Mashine haina chuki na mtu."

Bi Kiapo alichukua vidonge vyake, akapita mbele ya benchi lile akitazama mbele. Nyumbani alikaa mezani bila kuvua viatu.

"Leo nimeitwa mwongo," alisema. "Mbele za watu. Mimi."

"Nani amekuita hivyo?" mwanawe akaruka. Alikuwa amemsubiri nje kwenye gari, hakusikia lolote. "Nitakwenda kuzungumza naye."

"Hutakwenda popote. Mtu hajitetei kwa mdomo wa mwanawe."

Fundi Miwani alimtengea chai na kipande cha keki nyeusi, kikubwa kuliko kawaida, kwa ajili ya kumpoza. Bi Kiapo alikila chote.

Usimlaumu haraka. Habari ya majani na ile dawa hakuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni mumewe. Siku ya kwanza kabisa ya kliniki aliingia pamoja na mama yake, na nesi aliwaambia wote wawili: mgonjwa wa dawa hii asiongeze wala kupunguza mboga za majani ghafla bila kutuambia, kwa sababu zina kitu kinachosaidia damu kuganda, kinapingana na dawa. Mwalimu wa udereva alisikia, akamtazama mama yake, na kwenye gari wakacheka pamoja. Umwambie nani habari za mboga katika nyumba ya Bi Kiapo? Hakuona haja ya kumpelekea mkewe kichekesho hicho. Baadaye akakisahau.

Wakati dawa imeshaongezwa mara ya tatu, duka lilimpeleka Fundi Miwani mji mwingine akajifunze mashine mpya ya kusagia vioo. Alipika vyakula vya kutosha, akaviweka kwenye friji, akaenda. Keki hakuacha, kwa sababu keki iliyolala Bi Kiapo haili. Mwanawe akanunua keki ya dukani. Bi Kiapo aliigeuza juu chini akitafuta maandishi, hakuyaona, akairudisha kwenye mfuko wake.

Kwa hiyo majani yalikatika ghafla, na dawa ikabaki ileile iliyokuwa ikipambana nayo. Sasa haikuwa na wa kupambana naye.

Asubuhi moja, akiwa anafunga vifungo vya gauni mbele ya kioo, Bi Kiapo alipiga chafya na kuona damu kwenye kola. Akainamisha kichwa, akabana pua kama alivyofundishwa utotoni. Damu haikusimama. Akahama kutoka kitambaa kwenda taulo, kutoka taulo kwenda beseni. Jirani aliyekuja kuazima pasi alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ametulia kama mtu anayesubiri zamu yake, na beseni mapajani.

Jirani akapiga simu. Mwana alikuwa barabarani na mwanafunzi, muuza nguo mmoja mnene aliyeshindwa mtihani wa udereva tayari. Aligeuza gari huku mwanafunzi bado ameshika usukani.

"Hama! Hama huku!" alimfokea, na yule bwana akahamia kiti cha pembeni akipitia juu ya gia, tumbo limenasa kwenye breki ya mkono.

Walimchukua Bi Kiapo na beseni lake. Njiani mwalimu alivunja kila sheria aliyowahi kuifundisha. Alipita kulia, alipita kushoto, alipiga honi penye alama ya hospitali. Muuza nguo alishika kiti kwa mikono miwili, na wakati wa kushuka akauliza kwa heshima kama somo la leo litahesabiwa. Nyuma, mama hakulalamika hata mara moja. Alisema tu, kwa sauti ya pua, "Usituue sote kwa ajili ya pua moja."

*

Fundi Miwani alipewa habari akiwa mafunzoni. Alipanda basi la kwanza na kutoka stendi alikwenda moja kwa moja wodini, begi begani. Alimkuta mama mkwe amelala, pua imejazwa vitambaa vya dawa, uso umepauka kama unga. Mumewe amesimama upande mmoja. Upande wa pili alisimama yule nesi mrefu wa kliniki; walikuwa wamemwita aje kusaidia kuelewa.

"Damu imekuwa nyepesi kupita kiasi," nesi alikuwa akisema. "Mwanzo ilikuwa nzito, sasa maji. Mama, nisamehe nikiuliza: ulikuwa humezi, halafu juzi ukaogopa ukaanza kumeza viwili viwili?"

Bi Kiapo alitikisa kichwa.

"Basi ni chakula. Hakuna njia ya tatu. Ulikuwa unakula majani mengi, ukaacha ghafla?"

Bi Kiapo alitikisa kichwa tena, na safari hii machozi yalimtoka. Hakuwa mtu wa kulia. Mwanawe, ambaye hakuwahi kuyaona, alianza kukanyaga sakafu.

Fundi Miwani alisikia neno majani na begi likamteremka begani lenyewe. Alitoka nje. Nesi alipopita kwenye korido alimshika mkono.

"Nesi, majani alikuwa anakula," alisema. "Spinachi. Nilikuwa namtilia kwenye keki badala ya mafuta. Yeye hajui."

Nesi akamgeukia.

"Kiasi gani?"

Akamwonyesha kwa viganja.

"Kila wiki?"

"Kila wiki. Mpaka niliposafiri."

Nesi akaegemea ukuta. "Sindano tuliyompa leo kusimamisha damu," alisema, "ina kitu kilekile kilichomo kwenye hayo majani. Wewe ulikuwa unampa kwa sahani, na mimi naongeza dawa kupigana nacho, wala hatujuani." Akatazama mlango wa wodi. "Kwa hiyo alikuwa anasema kweli."

"Alikuwa anasema kweli."

"Haya. Dawa nitapanga upya na daktari. Lakini habari hiyo hatapewa na mimi. Mwambie wewe."

Kama kungekuwa na chumba kingine cha kuhamia, Fundi Miwani angehamia. Alisimama pale koridoni mpaka mtu wa usafi akamwomba anyanyue miguu apige deki. Kisha akarudi, akaketi karibu na kitanda, akasema yote: boga, karoti, mumunye, bitiruti, spinachi.

Bi Kiapo alisikiliza macho yakiwa darini. Alipouliza, aliuliza kwa sauti iliyozibwa na vitambaa, lakini kwa mpangilio.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipotoka hospitali mara ile."

"Mume wako alijua?"

"La boga alijua. Mengine hapana."

"Mimi nikakaa pale kliniki, nikaulizwa, nikasema sijala. Nilikuwa nimekula?"

"Ulikuwa umekula, Mama."

"Kwa hiyo nilisema uongo."

"Hapana, Mama. Hukujua."

"Ulinifanya nikaapa uongo, na mimi sikujua. Kikulacho ki nguoni mwako." Alifumba macho. "Nendeni. Nataka kulala."

*

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Bi Kiapo hakufanya fujo. Alinunua sufuria yake ndogo, akawa anajichemshia mayai na viazi mwenyewe, akikaa kwenye kiti jikoni kwa sababu ya mguu. Chumvi aliweka chumbani kwake. Mkwewe akimsalimia, aliitikia. Akimletea chai, alishukuru na kuiacha ipoe. Saa kumi jioni ilifika na kupita bila keki.

Mwanawe alijaribu kusuluhisha.

"Mama, alikusudia mema."

"Hakuna mshtakiwa niliyewahi kumwona aliyekusudia mabaya. Na wewe, siku ya kwanza nesi alituambia nini kuhusu mboga?"

Mwana akashika funguo za gari.

"Nakuuliza."

"Alisema tusibadilishe bila kuwaambia."

"Ulimwambia mkeo?"

"Nilidhani... wewe huli mboga, Mama."

"Breki zote umeweka mguuni," alisema Bi Kiapo. "Kichwani hamna hata taa."

Fundi Miwani alisikia maneno hayo akiwa chumbani, na alijua kwamba mzigo wake umepunguzwa. Haikumsaidia. Usiku na mchana kitu kimoja kilimrudia akilini: si damu, maana damu ilikuwa imesimama, bali yale machozi. Kazini aliharibu kioo cha mteja, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Siku moja kabla ya kliniki, Bi Kiapo alisimama mlangoni mwa chumba chao.

"Ulimwambia nesi pembeni," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Pembeni si mahali pa ushahidi. Mimi niliitwa mwongo mbele ya benchi. Kesho tutakwenda wote, na utasema mbele ya benchi."

"Mama, watu wale hata hawatujui."

"Ndiyo maana. Wanaonijua hawana haja ya kuambiwa."

Walikwenda. Benchi lilikuwa limejaa: wazee wawili watatu, mama mmoja mwenye bandeji mguuni, bwana mmoja aliyesinzia mdomo wazi. Wengine walikuwa walewale wa safari ile, kwa sababu wagonjwa wa dawa hii hukutana na kukutana. Nesi aliinua macho, akawaona, akaweka kalamu chini.

Bi Kiapo hakumkabidhi kitabu wala hakumwapisha. Alikaa tu, akaweka mkoba magotini, akasubiri.

Fundi Miwani alisimama. Sauti yake ya kawaida isingefika hata meza ya nesi, kwa hiyo ilimbidi atafute nyingine, na ilipotoka ilikuwa kubwa kuliko alivyotaka. Yule bwana aliyesinzia akashtuka.

"Huyu ni mama mkwe wangu," alisema. "Siku ile alipoulizwa hapa, alisema kweli. Vidonge alikuwa anameza. Mboga alizila bila kujua, kwa sababu mimi nilizisaga nikamtilia kwenye keki, nikamficha. Kosa ni langu. Mama hakudanganya."

Nesi naye akasimama, na pengine hilo ndilo Bi Kiapo hakulitarajia.

"Na mimi nilisema maneno yasiyofaa mbele za watu," alisema. "Mama, nisamehe."

"Nimesikia," alijibu Bi Kiapo.

Mzee mmoja mwishoni mwa benchi akainua mkono. "Leo nikifika nyumbani," alisema, "ile supu yangu lazima ijieleze." Watu wakacheka, na hata aliyesinzia akacheka bila kujua kinachochekwa. Mama mwenye bandeji akamvuta Fundi Miwani sketi.

"Hiyo keki inaumuka kweli bila mafuta?"

"Inaumuka."

"Rojo kiasi gani kwa boksi moja?"

"Kipimo kilekile cha mafuta. Lakini la boga lichuje maji kwanza."

Nesi alisema hapohapo, ili wote wasikie, kwamba mboga hazijakatazwa. Mtu akitaka kula majani na ale, ila kiasi kisirukeruke, na wao waambiwe ili wapange dawa kulingana nacho. Bi Kiapo alimsikiliza, akanyoosha mkono wake kupimwa.

Kwenye gari mwalimu alikuwa anaendesha polepole kama mwanafunzi.

"Ile ya majani," alisema Bi Kiapo ghafla, akitazama nje ya dirisha, "ilikuwa tamu. Hilo ndilo linaloniudhi."

Mkwewe akageuka kumsikiliza.

"Hiyo sitaki tena. Boga nitajaribu, lakini nikiwa nimekaa palepale naona."

Jumamosi walibanana katika jiko lile jembamba. Bi Kiapo alikaa kwenye kiti chake kati ya sinki na friji, kwa hiyo kila alipotaka kijiko Fundi Miwani alimpita juu ya magoti. Mzozo wa kwanza ulikuwa juu ya kuchuja. Fundi Miwani alisema rojo lining'inizwe kwenye kitambaa mpaka mchana. Bi Kiapo alisema boga hili ni kavu, limekomaa, kuchuja ni kupoteza muda.

"Lina maji, Mama. Tazama."

"Naona unyevu. Maji sioni."

"Lina maji, na keki itazama katikati."

"Nani mkubwa hapa?"

"Wewe. Lakini itazama."

Mwalimu alipita mlangoni, akasikia sauti ya mkewe ilivyopanda, akaamua kwenda kuosha gari ingawa lilikuwa safi. Rojo likatiwa bila kuchujwa. Keki iliumuka vizuri, ikapendeza kupitia kioo cha oveni, na ilipotolewa ikashuka katikati taratibu kama mtu anayeketi kitini. Kijiti walichokichoma kilitoka na unyevu.

Bi Kiapo aliichunguza, akasema oveni nayo imezeeka. Kisha akachukua vijiko viwili kwenye droo, akampa mkwewe kimoja, wakaanza kuila palepale kwenye trei kuanzia kingo zilizoiva, wakielekea ndani.